BARABARA TUPU: INITIAL D NA SWALI LA KUFAA KWA TAMTHILIA KWA VIJANA

Utangulizi

Swali la iwapo kazi fulani ya sanaa inawafaa vijana ni kongwe kuliko televisheni. Plato, katika kitabu chake kuhusu jamhuri, alitaka hadithi wanazosimuliwa watoto zichujwe kwanza, kwa kuwa aliamini kwamba kinachoingia katika moyo wa mtu akiwa mchanga huwa vigumu kung'oka. Wahenga wa Kiswahili walilieleza jambo hilo kwa ufupi zaidi waliposema kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Lakini kuchuja kwahitaji kigezo, na kigezo kibaya huweza kutupa nafaka na kubakiza makapi.

Tamthilia za televisheni zinazohusu mashindano ya magari ni miongoni mwa kazi zinazohukumiwa kwa haraka mno. Mzazi husikia mlio wa magurudumu na ngurumo ya injini kutoka sebuleni, akaamua papo hapo kwamba mwanawe anafunzwa kujiua. Kijana naye hujitetea kwamba hiyo ni hadithi tu. Mzazi ameihukumu sauti. Kijana ameikinga kazi nzima kwa neno moja. Hakuna kati yao aliyeitazama kazi yenyewe na kuuliza inasema nini, inanyamaza wapi, na kunyamaza huko kunamfunza nini mtazamaji ambaye bado hajashika usukani.

Makala haya yanakusudia kuichunguza tamthilia moja ya aina hiyo, Initial D ya Japani, ambayo kwa zaidi ya miaka ishirini imekuwa ikipita mikononi mwa vijana wa nchi nyingi. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kasoro kubwa ya tamthilia hii haimo katika kasi ya magari yake. Imo katika barabara yake, ambayo daima ni tupu. Aidha, itaonyeshwa kwamba ndani ya kazi hiyo hiyo mna funzo adimu juu ya kazi na ustadi ambalo lingekuwa hasara kulitupa.

Chimbuko na muhtasari wa hadithi

Initial D ilianza kama hadithi ya michoro. Mtunzi wake, Shuichi Shigeno, aliichapisha kwa mfululizo katika jarida la Young Magazine la kampuni ya Kodansha kuanzia mwaka 1995 hadi 2013. Yafaa ikumbukwe tangu mwanzo kwamba jarida hilo lilikusudiwa vijana wa kiume waliokwisha kukua, wala si watoto. Mwaka 1998 hadithi ilifanywa tamthilia ya katuni ya televisheni. Mfululizo wa kwanza una sehemu 26, na ndio unaochunguzwa zaidi katika makala haya. Mifululizo mingine ilifuata, ukiwamo wa pili ulioanza mwaka 1999, na wa mwisho ulitoka mwaka 2014.

Mandhari ni milima ya jimbo la Gunma, kaskazini-magharibi ya jiji la Tokyo. Mlima uitwao Akina katika hadithi umejengwa juu ya mfano wa mlima halisi, Haruna. Mhusika mkuu ni Takumi Fujiwara, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shule ya sekondari, anayefanya kibarua katika kituo cha petroli pamoja na rafikiye Itsuki. Baba yake, Bunta, ana duka la tofu, chakula laini kitengenezwacho kwa maziwa ya soya. Kila alfajiri, kabla ya watu kuamka, Takumi huupanda mlima kwa gari la baba yake kupeleka tofu katika hoteli iliyo kando ya ziwa, kisha huteremka upesi ili arudi kitandani. Amekuwa akiifanya kazi hiyo tangu alipokuwa na umri wa miaka 13, ilhali sheria ya Japani humruhusu mtu kuendesha gari akiwa na miaka 18.

Gari lenyewe ni Toyota Sprinter Trueno ya aina ya AE86, iliyotengenezwa baina ya mwaka 1983 na 1987. Ni gari dogo, la injini ya cc 1,600, na mlangoni limeandikwa jina la duka. Siku moja kundi la madereva wa mlima Akagi, wanaoongozwa na ndugu wawili, Ryosuke na Keisuke Takahashi, linakuja kuwatolea changamoto vijana wa Akina. Keisuke, katika gari lake la fahari la Mazda RX-7, anapitwa alfajiri na gari lile la tofu, akadhani ameona pepo. Kutoka hapo Takumi anavutwa hatua kwa hatua katika mashindano ya usiku, na kila anayekuja na gari lenye nguvu zaidi anashindwa katika mteremko wa Akina.

Muundo huu si mgeni kwa msomaji wa fasihi simulizi ya Afrika Mashariki. Ni muundo wa ngano: mdogo mwenye zana duni anawashinda wakubwa mmoja baada ya mwingine, na kila mshindani anayefuata ni mkubwa kuliko aliyetangulia. Hata maneno ya madereva kabla ya kushindana, wanapotaja ubora wa magari yao na milima watokayo, yana sura ya majigambo. Bila shaka hii ni sababu mojawapo ya kazi hii kupokewa kwa wepesi na vijana ambao hawajapata kuiona Japani.

Kazi na ustadi

Anayeitazama tamthilia hii kwa makini atagundua jambo ambalo mashtaka ya kawaida hayalitaji. Mhusika wake mkuu hapendi magari. Itsuki anaota magari mchana na usiku. Iketani, mkubwa wao kazini, ameunda kundi la madereva. Lakini Takumi hajui hata jina la aina ya gari analoliendesha. Kwake gari ni chombo cha kazi, na mlima ni njia ya kazini. Anakubali kushindana na Keisuke kwa sababu ndogo kabisa: baba yake ameahidi kumjazia tangi la petroli na kumwachia gari kwa siku moja, ili ampeleke pwani msichana wa shuleni kwao, Natsuki Mogi.

Basi ustadi wake umetoka wapi? Tamthilia inajibu kwa mfano mmoja ambao ndio moyo wa kazi nzima. Bunta alikuwa akimwekea mwanawe bilauri ya maji ndani ya gari na kumwagiza aendeshe asimwage hata tone, kwa maana maji yakimwagika, tofu nayo itakuwa imevunjika. Kijana asiyetaka kuchelewa kurudi kitandani ilimlazimu atafute njia ya kwenda upesi bila ya kuyatikisa maji. Kwa miaka mitano alijifunza kuuhisi uzito wa gari ukihama kutoka gurudumu hadi gurudumu. Hakufunzwa kwa maneno wala kwa kutazama washindi. Alifunzwa na bilauri.

Hapa tamthilia inasema neno lenye thamani kubwa kwa kijana wa zama hizi. Inasema kwamba ustadi ni zao la kazi ya kila siku isiyo na mashahidi, na kwamba fahari ya chombo haiwezi kuchukua nafasi ya mkono uliozoea. Takeshi Nakazato anakuja na Nissan GT-R ya cc 2,600, yenye kusukumwa na magurudumu yote manne, akashindwa. Itsuki naye, kwa pupa ya kumiliki gari kama la rafikiye, ananunua AE85, ndugu dhaifu wa gari lile, bila ya kujua tofauti, na wenzake wanamcheka. Takumi hacheki: analichukua gari hilo hilo dhaifu na kulipita kundi la vijana waliokuwa wakimdhihaki rafikiye. Tamthilia chache za vijana zimelipinga wazo la kwamba mtu ni mali yake kwa uwazi kama huu.

Kwa kiwango hiki kazi hii ingestahili kupewa kijana yeyote. Lakini mhakiki hawezi kukomea hapa, kwa kuwa bilauri hiyo hiyo ina upande wa pili. Maji yale yalilinda tofu. Je, ni nini kilichomlinda mwenye kuvuka barabara?

Barabara isiyo na watu

Barabara ya Akina ni barabara ya umma. Hutumiwa na wageni wa hoteli, madereva wa malori, wakulima na wazee. Katika tamthilia hii, hata hivyo, watu hao karibu hawapo. Mashindano yanapofanyika, marafiki hujipanga katika kona wakiwa na redio za mkononi na kuarifu kama kuna gari linalopanda. Jibu la kawaida ni kwamba njia ni nyeupe. Mbio zinaanza, na kuanzia hapo barabara inakuwa uwanja: mna madereva wawili, watazamaji nyuma ya kingo za chuma, na mlima.

Huu si uongo mdogo. Mtunzi amekuwa mwangalifu sana katika mambo ya ufundi. Keiichi Tsuchiya, dereva wa mashindano mwenye sifa kubwa Japani, aliajiriwa kuwa mshauri wa uendeshaji wa magari, na mtazamaji anaelezwa kwa nini gurudumu la mbele hupoteza mshiko, kwa nini breki huchoka mteremkoni, na jinsi Takumi anavyotumbukiza magurudumu ya upande wa ndani katika mtaro wa kona ili gari lisitupwe nje. Kila kitu kihusucho gari kimepimwa. Kitu kimoja tu kimeachwa bila kupimwa, nacho ni kile ambacho hakuna dereva anayeweza kukipima: mtu mwingine.

Ajali zimo. Iketani analigonga gari lake katika mazoezi kabla ya shindano la kwanza, akatokea na shingo iliyofungwa. Shingo Shoji, dereva mkorofi wa kundi la NightKids, anabuni shindano ambamo kila dereva anafungwa mkono wa kulia kwenye usukani kwa utepe wa gundi, kisha anajaribu kumsukuma Takumi nje ya njia na mwishowe anajiangamizia gari lake mwenyewe. Matukio haya yana kanuni moja. Anayeumia ni yule aliyekosa, naye haumii sana. Katika mfululizo wote wa kwanza hakuna anayekufa barabarani. Ajali, kwa mujibu wa tamthilia hii, ni adhabu ya uhaba wa ustadi au ya tabia mbaya. Mwenye mkono hodari na moyo safi haimpati.

Methali isemayo kwamba ajali haina kinga inasimama kinyume kabisa cha fundisho hilo. Na takwimu za ulimwengu zinaiunga mkono methali. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Wengi wa wanaolipa gharama ya barabara, basi, hawakuwa ndani ya gari. Ndio hao hao ambao tamthilia imewaondoa katika picha.

Itasemwa kwamba tamthilia yenyewe hutoa onyo la maandishi, ikisema kwamba hadithi ni ya kubuni na kuwaomba watazamaji wazitii sheria za barabarani. Ni kweli, na ni jambo la uungwana. Lakini onyo lililo nje ya hadithi haliwezi kushindana na fundisho lililo ndani yake. Sentensi moja isomwayo kwa sekunde chache haina uzito wa dakika ishirini za muziki, mwendo na ushindi. Sanaa hufunza kwa matokeo inayoyaonyesha, wala si kwa nasaha inayozibandika mlangoni.

Yafaa pia kusema kwamba Japani halisi haikulitazama jambo hili kama mchezo. Tangu mwaka 1978 sheria yake ya barabarani imekuwa na kifungu dhidi ya makundi ya magari na pikipiki yanayohatarisha watu kwa pamoja, na mwaka 2001 liliongezwa katika sheria za jinai kosa la pekee la kuua au kujeruhi kwa uendeshaji wa hatari. Hakuna kifungu kama hicho kinachomgusa Takumi. Polisi, kama watembeao kwa miguu, karibu hawamo mlimani Akina.

Baba, binti na mwenye Mercedes

Kasoro ya barabara tupu isingekuwa nzito kiasi hicho kama ingekuwa ya barabara pekee. Uchunguzi wa wahusika unadhihirisha kwamba ni tabia ya kazi nzima: anayelipa gharama huwekwa nje ya picha.

Bunta ni mfano wa kwanza. Amechorwa kwa mapenzi makubwa: mtu wa maneno machache, mvutaji sigara, fundi wa kazi yake, baba anayemfahamu mwanawe kuliko mwana anavyojifahamu. Katika mfululizo wa pili, Takumi anapokwenda kushindana akiwa na hasira na injini ya gari ikavunjika, baba anakuja kulivuta gari, kwa sababu alikwisha kutabiri kwamba siku hiyo itafika. Lakini baba huyu huyu alimweka mtoto wa miaka 13 nyuma ya usukani gizani kwa faida ya duka lake. Hakuna mhusika anayemuuliza. Wanaopata habari wanastaajabu na kusifu. Tamthilia imejenga adili yake bora, adili ya kazi, juu ya kosa ambalo haikuthubutu kuliita kosa.

Mfano wa pili ni Natsuki Mogi, na hapa ndipo mzazi anapostahili kuwa macho zaidi kuliko katika mbio. Tangu mwanzo mtazamaji anaonyeshwa kwamba msichana huyu wa shule ana uhusiano na mwanamume mtu mzima, mwenye Mercedes, anayempa fedha, naye humwita Baba. Mtunzi hakulizua jambo hilo. Katika miaka ya 1990 Japani ilikuwa na mjadala mkali juu ya wasichana wa shule na wanaume waliowapa fedha na zawadi, na mwaka 1999, mwaka mmoja baada ya tamthilia kuanza kuonyeshwa, bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwaadhibu wanaonunua watoto wa chini ya miaka 18. Wala Kenya haina haki ya kulitazama jambo hili kama la kigeni, kwa kuwa mwanamume wa namna hiyo ana jina katika mitaa yake: vijana humwita sponsa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haimpi jina la huruma hivyo anapomwendea mtoto.

Je, tamthilia inalisawirije? Kwa upande mmoja, inastahili sifa kwa kutolificha. Msichana hakuchorwa kuwa shetani. Ana ucheshi, ana majuto, na baadaye anaukata uhusiano huo kwa hiari yake. Kwa upande mwingine, maumivu yote yanayoonyeshwa ni ya Takumi. Anapopashwa habari kwa simu na mtu asiyejitaja, ni moyo wake unaovunjika, na hasira yake ndiyo inayompeleka mlimani Akagi hadi injini inapasuka. Mwenye Mercedes anaondoka bila ya kuulizwa lolote. Kijana wa kiume anayetazama atajifunza kumhurumia mvulana aliyesalitiwa. Kijana wa kike hatapata popote sentensi inayomwambia kwamba aliyekosa zaidi ni mtu mzima. Kwa mara nyingine, mwenye kuvunja anapita na barabara inabaki nyeupe.

Wanawake wengine hawana bahati kubwa kuliko Mogi. Mako na Sayuki, madereva wa mlima Usui, ni mafundi wa kweli, na shindano lao na Takumi ni miongoni mwa sehemu bora za mfululizo. Hata hivyo, mtunzi anamfanya Mako ajitoe mwenyewe kuwa tuzo kwa Iketani iwapo atamkutanisha na dereva wa Akina. Hodari wa usukani anageuzwa kuwa zawadi ya mwanamume ambaye hamfikii kwa ustadi.

Fani

Katika fani tamthilia hii ina upekee unaoyathibitisha yaliyosemwa juu ya maudhui. Watu wamechorwa kwa mkono, kwa mistari mepesi, lakini magari katika mbio yameundwa kwa kompyuta, yakawa na kina, uzito na mng'ao. Wahakiki wa fasihi wamezoea kuwagawa wahusika kuwa bapa na duara. Katika Initial D mgawanyo huo umekuwa wa macho: magari ni duara na watu ni bapa. Jicho la mtazamaji linafunzwa kwamba kilicho hai zaidi ni chuma.

Muziki nao una kazi ya pekee. Nyimbo za dansi za kasi, za mtindo ujulikanao kama Eurobeat, hupigwa dereva anapoanza kuivamia kona, na hunyamaza mbio zinapokwisha. Kimya cha maisha ya kawaida, cha dukani na darasani, kinalinganishwa na ngurumo ya usiku. Kwa kijana ambaye maisha yake ni ya shule na nyumbani, ulinganisho huo una ushawishi ambao hauhitaji hoja. Uchapakazi ulisifiwa kwa maneno. Usiku umesifiwa kwa ngoma.

Pamoja na hayo, si haki kuutaja ushawishi huo peke yake. Mara kwa mara msimulizi na wahusika huisimamisha kasi ili kueleza kinachotokea, kwa lugha ya hesabu na ufundi. Kijana mwenye akili ya kudadisi atatoka na maswali juu ya uzito, msuguano na mwendo ambayo mwalimu wa fizikia angefurahi kuulizwa.

Tamthilia na mtazamaji wa Kenya

Mtazamaji wa Kenya anaikuta kazi hii akiwa na ujuzi ambao mtazamaji wa nchi nyingine huenda hana. Usukani wa magari yake uko kulia kama wa Japani, na magari mengi yanayopita mtaani kwao yalikwisha kutumika Japani kabla ya kuvuka bahari. Gari la Takumi si kitu cha ndotoni. Binamu zake wameegeshwa nje ya duka.

Zaidi ya hayo, Kenya ina utendi wake wa magari. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yaliwapa Wakenya mashujaa waliopata ushindi kwa magari ya Kijapani: Joginder Singh kwa Mitsubishi mwaka 1974 na 1976, na Shekhar Mehta aliyeshinda mara tano kwa Datsun, mwaka 1973 na kila mwaka kuanzia 1979 hadi 1982. Kwa miongo mingi mashindano hayo yalifanywa katika barabara za umma ambazo hazikufungwa, pakiwa na mabasi, mifugo na watoto wa shule. Yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, eneo la Naivasha, yalirudi katika njia zilizofungwa. Mabadiliko hayo ni maungamo. Yanakiri kwamba dereva, awe hodari namna gani, hawezi kumwekea dhamana mtu asiyemwona. Mhakiki wa Kenya anayeilaumu Initial D kwa barabara yake tupu anailaumu kwa kosa ambalo nchi yake ilichukua muda mrefu kulisahihisha, na kwa hiyo lawama yake haina budi kuwa ya mwenye kujua, wala si ya mwenye kudharau.

Uamuzi na hitimisho

Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya huyatumia madaraja ya umri: kuna kazi za watu wote, za kutazamwa kwa mwongozo wa mzazi, za waliotimiza miaka 16, na za watu wazima wa miaka 18. Kwa kuzingatia yaliyojadiliwa, daraja linaloistahili Initial D ni la miaka 16. Haina umwagaji damu, na uhodari wake wa kuisifu kazi ni wa kupigiwa mfano. Lakini mtoto wa miaka 13 anayemwona mwenziwe wa miaka 13 akisifiwa kwa kuendesha gari gizani hana bado silaha za kuipinga sifa hiyo. Wala hana namna ya kulipima jambo la Mogi na mwenye Mercedes pasipo mtu mzima wa kumsaidia kuona ni nani aliyekosa.

Kwa kijana wa miaka 16 na kuendelea, kumkataza kungekuwa kosa la pili. Tamthilia hii anayo katika simu yake, na atakayoyakatazwa sebuleni atayatazama chini ya blanketi, ambako hapana wa kumuuliza swali. Afadhali mwalimu au mzazi atazame naye sehemu ya shindano la kwanza na kumuuliza: katika kona ile ambayo Takumi aliingia bila ya kupunguza mwendo, angekuwapo mzee akivuka, mambo yangekuwaje? Redio za marafiki zingetosha? Na Bunta, siku hiyo, angejibu nini mbele ya mama wa aliyegongwa? Maswali hayo hayaiharibu hadithi. Yanawarudisha ndani yake watu waliotolewa.

Yawezekana kabisa kwamba kijana atakayeulizwa hivyo ataendelea kuipenda Initial D, na hapana ubaya. Siku atakapopewa ufunguo wa gari la baba yake, Jumamosi usiku, akiwa na rafiki watatu wanaomhimiza, hatasaidiwa na kumbukumbu ya katazo. Huenda akasaidiwa na kumbukumbu ya bilauri, ikiwa kuna mtu aliyepata kumwambia kwamba maji yale hayakuwa ya tofu peke yake.